Oya, Shuka Kwenye Gari! Misele ya Mbebe Mpaka Matema

Muulize msela yeyote wa Mbebe, kwetu Ileje, bata linaliwa wapi. Atakwambia Dar. Mwenye ndoto kubwa kidogo atasema Zanzibar, na yule anayeshinda Instagram kutwa nzima atakutajia Dubai kabisa, na majina ya hoteli juu. Mbeya kwake ni hospitali ya rufaa. Tukuyu ni msiba wa shangazi. Kyela ni gunia la mchele. Ukanda mzima wenye milima, maziwa yaliyojaa ndani ya volkeno na ufukwe ambao wazungu wanausaka na mabegi mgongoni, sisi tunaupita usiku ndani ya basi, tumelala, mdomo wazi.

Huo ndio ushamba wenyewe, wanangu. Unajua chipsi za Masaki zinauzwaje, hujui Ziwa Ngozi liko upande gani wa barabara.

Ishu yetu watu wa Songwe inaeleweka. Tumezaliwa kando ya njia. Kwetu barabara ni kazi: mahindi yanapakiwa, kahawa inashushwa, lori linasubiri mpakani, konda anaita abiria mpaka sauti inamkauka. Gari ni la kupeleka mzigo, siyo la kupigia misele. Ndiyo maana tulipotangaza kwamba tunakodi Noah kwenda Ziwa Nyasa bila msiba, bila harusi na bila gunia hata moja, kuna wazee walihisi tumerukwa. Mmoja aliuliza mara mbili, "Sasa mnaenda kufanya nini?" Kwenda kuona tu, mzee wetu. Kuona nako ni shughuli.

Mkwanja kwanza

Tulichanga mdogomdogo, wa jero na jero yake, wa buku na buku yake. Kanuni ilikuwa moja: hela anashika sista, siyo msela. Mkwanja ukikaa kwa masela unaishia Tunduma, na Tunduma ndiyo kituo cha kwanza. Pia dereva analipwa kivyake na analala mapema. Mambo ya dereva kukesha na nyie kiwanja halafu asubuhi mnamkabidhi roho zenu kwenye kona za Tukuyu, hapana aisee.

Playlist nayo tuliipanga kwa heshima ya ukanda. Ukiingia Mbeya unaingia mji wa Sugu, mmoja wa watu walioisimamisha Bongo Fleva tangu watu wanaicheka. Ni mji wa Izzo Bizness na wa Rayvanny, yule aliyeenda Marekani 2017 akarudi na tuzo ya BET. Ukipiga ngoma za watu wengine hapo unazingua.

Tunduma: mji usiolala

Kutoka Ileje unaifuata lami ya Isongole kwenda Mpemba, zaidi ya kilomita 50 za kona na mabonde, halafu unachomoza barabara kuu ya TANZAM. Ukifika tu hapo, upepo unabadilika. Malori. Malori mbele, malori nyuma, malori yamepaki mpaka yamekuwa mtaa. Shaba ya Zambia na Kongo inaenda bandari ya Dar, mafuta na bidhaa zinapanda kule, na wote wanapita kwenye kashingo haka kadogo kanakoitwa Tunduma. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, nayo inavukia hapahapa tangu miaka ya 1970. Mwaka 2019 ndipo marais wa nchi zote mbili walipokuja kuzindua kituo cha pamoja cha forodha, ili gari likaguliwe mara moja badala ya kusota pande mbili.

Watu wanaidharau Tunduma kwamba ni vumbi na kelele. Wanakosea. Tunduma ni mji wa kukaa kwenye benchi na kusikiliza. Upande huu dereva anapiga Kiswahili cha Lubumbashi, pale wauza kwacha wanahesabu noti bila kuziangalia, kule mama anakaanga chipsi mayai huku anabishana na Mzambia kwa lugha tatu ndani ya sentensi moja. Mitumba ya hapa ni moto. Mwana mmoja alizama sokoni na fulana iliyochoka, akatoka na jaketi ambalo baadaye, kwenye baridi ya Mbeya, tulianza kumuita bosi.

Tahadhari moja: Nakonde ya Zambia ipo hatua chache tu, na macho yanatamani. Ukitaka kuvuka, pita uhamiaji na karatasi zako. Njia za panya siyo bata, ni kesi.

Chuma kutoka juu

Ukitoka Tunduma unapita Vwawa, makao makuu ya mkoa wetu uliozaliwa 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya, halafu Mlowo, halafu mashamba ya kahawa. Hapo ndipo kibao cha Kimondo kinapokuita, na hapo ndipo mabasi yote yanapopita bila hata kupunguza mwendo.

Kata kona. Kimondo cha Mbozi kiko Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi: pande la chuma lenye urefu wa kama mita 3 na uzito unaokadiriwa kufika tani 16. Ni kati ya vimondo vikubwa zaidi vinavyojulikana duniani, na kiko Mbozi, siyo Ulaya. Dunia ya nje ilianza kukizungumzia 1930, baada ya mpima ardhi mmoja kutoka Johannesburg kukutana nacho. Wenyeji walikuwa wanakijua zamani, ila cha ajabu hawana simulizi hata moja ya siku kilipoanguka. Maana yake kilitua kitambo kinoma, kabla ya babu wa babu. Hata shimo la kishindo chake halionekani tena.

Kisogelee. Kwa mbali kinaonekana jiwe jeusi la kawaida, ukifika karibu unakuta ngozi yake ina vishimo vishimo, vimelainika, vidole vinaingia vyenyewe. Kwa kucha hakikwaruziki. Ni chuma, karibu asilimia 90, kilichochanganyika na nikeli. Kuna upande umekatwa, umenyooka, wataalamu walichukua vipande wakaenda navyo kupima, na kwa msumeno wa mkono ile kazi iliwatoa jasho la masaa. Ukiweka kiganja pale asubuhi, baridi yake inapanda mpaka kwenye kiwiko. Sista wetu mhazini, ambaye siku nzima alikuwa anagomba kuhusu bajeti, alinyamaza. Halafu akasema, "Hiki kitu kimetoka huko juu kikachagua Mbozi." Hakuna aliyembishia.

Kutoka hapo mpaka Mbeya, dereva akaze mikono. Mteremko wa Senjele umeshakula magari mengi, na malori yenye breki zilizochoka hayana urafiki. Ukivuka daraja la mto Songwe, umeingia Mkoa wa Mbeya. Shika hili usichanganywe: Songwe hii inaenda kaskazini, inamwaga maji Ziwa Rukwa. Songwe yetu ya Ileje, ile inayotutenganisha na Malawi, inaenda upande mwingine kabisa, Ziwa Nyasa. Mito miwili, jina moja, haijuani.

Mbeya: jaketi na chipsi

Mbeya inakupokea na mlima Loleza umesimama juu ya mji. Mji wenyewe ulikua miaka ya 1920 na 1930 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Dhahabu ilipopoa, mji haukupoa. Uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Juni na Julai baridi lake siyo la kitoto. Masela waliokuja na vesti za kuonyesha kifua walizifunika mapema sana.

Jioni unazama Mwanjelwa. Nyomi la maana. Viazi vya huku vina utamu wake, kwa hiyo chipsi za Mbeya ziache ziitwe chipsi. Kuku wa kuchoma, mishikaki, ndizi, parachichi linalojaza mkono. Kama ligi inachezwa, Uwanja wa Sokoine ndiyo kanisa la mji. Wazee wa kazi bado wanasimulia msimu wa 2013/14, Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu na moja kwa moja ikamaliza nafasi ya tatu, huku vigogo wa Dar wakija Sokoine na matumbo joto. Ukitaka kupata rafiki Mbeya, anzisha stori hiyo, halafu kaa kimya.

Barabara ya mawingu

Asubuhi unashika Uyole, unakata kulia kwenda Tukuyu. Sasa hapa, mwanangu, weka simu chini kwanza, tumia macho. Barabara inapanda, ukungu unashuka, kila kitu kinakuwa kijani mpaka kinakera. Watoto wanauza viazi na kabichi kando ya lami. Ukiwa na muda wa ziada, pale Isyonje kuna njia ya kupanda Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, inayosifika kwa maua. Maua yenyewe yanachanua msimu wa mvua, ukija Agosti usimlaumu mtu.

Sisi tulichagua Ngozi. Unashuka Isongole, na hii ni Isongole ya Rungwe, siyo ile ya mpakani kwetu. Ukimwambia mtu wa nyumbani kwa simu kwamba uko Isongole, atakwambia pitia dukani uje na sukari. Chukua kijana wa hapo akuongoze, mlipe vizuri, halafu ingieni msituni. Mwanzo ni matembezi. Mwisho ni mtihani: mnashika mizizi, mnavutana mikono, mwenye raba za kutupia picha anajuta. Kisha miti inafunguka ghafla, na chini kabisa, katikati ya kuta za volkeno, lipo ziwa. Kijani, limetulia, halina mto unaotoka. Lina urefu wa kama kilomita 2 na nusu, na linahesabiwa kati ya maziwa makubwa ya volkeno barani Afrika. Wenyeji watakuonyesha kwa kidole kwamba umbo lake ni ramani ya Afrika, na ukiambiwa mara moja huwezi kuacha kuiona.

Ng'ambo ya barabara ni mlima Rungwe, karibu mita 2,960, na kwenye misitu yake anaishi kipunji. Wanasayansi walimtangaza huyu nyani 2005, na 2006 wakampa jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo kwa nyani wa Afrika halikuwa limetokea kwa zaidi ya miaka 80. Dunia ilishtuka. Wawindaji wa Rungwe hawakushtuka, maana jina walikuwa nalo muda mrefu. Ndivyo mambo ya huku yalivyo: yapo, wenyewe tunayajua, tunasubiri mgeni aje atuambie ni ya maana.

Mbele kidogo, ukiwa Kiwira, uliza Daraja la Mungu. Lava ya kale ilipoa juu ya mto Kiwira ikaacha tao la mwamba, maji yanapita chini yanaunguruma. Kuna na Kijungu, ambako mto mzima unajikunja ndani ya shimo la mawe. Maeneo haya yanapakana na eneo la Magereza, kwa hiyo ulizeni utaratibu kabla hamjaanza kuranda. Na mawe yanateleza. Yule anayetaka picha ya kusimama ukingoni kabisa ili apate "like", mwambieni like hazilipi jeneza.

Tukuyu yenyewe ni chai mpaka jicho linachoka. Mvua haina ratiba, jua na manyunyu vinagombania saa moja hiyohiyo. Kula ndizi hapa, za kupika, zilizoiva kwenye sufuria na maharage. Mama ntilie akikujazia sahani, usijifanye unajua Kinyakyusa, sema tu "ndaga fijo", asante sana, na uinamishe kichwa. Atakuongeza nyingine.

Ukiwa na nusu siku, chepuka Masoko. Ziwa jingine la volkeno, dogo, la duara, na kando yake majengo ya mawe ya jeshi la Wajerumani, yaliyojengwa kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Watu wamewahi kuokota sarafu za Kijerumani ufukweni pale. Sisi tulitafuta. Tukaokota vifuniko vya soda.

Kuteremka Nyasa

Toka Tukuyu unashuka zaidi ya mita elfu moja kwa safari isiyomaliza hata albamu moja. Masikio yanaziba. Jaketi la bosi linavuliwa, halafu sweta, halafu kila mtu anafungua dirisha. Chai inaisha, inaanza migomba iliyochanganyika na kakao, kisha mpunga. Kyela ndiyo wilaya inayoongoza kwa kakao nchini, na mchele wake hauhitaji tangazo, harufu tu inatosha. Pale Kikusya unakata kwenda Ipinda mpaka Matema.

Na Matema, aisee.

Milima ya Livingstone inaporomoka moja kwa moja majini, mchanga uko chini yake, na mbele yako ni maji mpaka macho yanagota. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, kina chake kinafika kama mita 700, na lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Mto Songwe wa kwetu nao unaishia humu, upande wa Kyela. Tulikaa mchangani tukapiga hesabu kwamba maji tunayovuka kila siku huko Ileje ndiyo haya, yametutangulia.

Usiku wavuvi wanatoka na taa kuvua usipa, ziwa linakuwa na mji wake. Mchana unakula mbasa na wali wa Kyela, wali unaokula hata bila mboga na hakuna atakayekuuliza. Malazi yapo ya kila mfuko, mengine ya kanisa, safi na tulivu. Laleni ndani ya neti. Kuogelea ruksa, ila midomo ya mito muwaachie mamba, ndio wenye nyumba.

Ukibahatika kuwepo Jumamosi, tembea mpaka Lyulilo, kwenye soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vimefinyangwa kwa mkono tupu, bila gurudumu. Nilimsalimia bibi mmoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unataka cha maharage au cha maji?"

"Cha kumpelekea mama. Bei gani hiki?"

"Bei baadaye. Kigonge kwanza."

Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia vizuri. Akanipa kingine, kinafanana kila kitu, nikagonga, sauti ikafia ndani. "Hicho kina ufa," akasema. "Macho hayaoni, sikio linajua." Angeweza kuniuzia kile kibovu, mimi mgeni mwenye miwani ya jua, nisingejua lolote mpaka nyumbani. Nililipa bila kuomba punguzo.

Wenye kiu ya kuendelea, bandari ya Itungi ipo. MV Mbeya II, meli ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilianza kazi 2021 kwenye njia ya mwambao wa kwenda Mbamba Bay. Ulizeni ratiba palepale bandarini, msiamini ya kijiweni.

Kabla hujawasha gari

Nendeni kiangazi, Juni mpaka Oktoba. Masika Kyela inajaa maji na njia ya Ngozi inageuka sabuni. Bebeni jaketi na kaptula kwenye begi moja, mtazihitaji zote. Tembeeni na keshi, mtandao wa simu milimani unakata unavyotaka. Msisafiri usiku: kwanza ni hatari, pili mnakosa kila kitu kilichowatoa nyumbani. Mwongozaji wa kijijini alipwe, takataka zirudi kwenye gari, na mkubwa wa mahali apewe shikamoo yake kabla ya kutoa kamera.

Mwisho, neno kwa vijana wenzangu wa Songwe. Hela tuliyotumia kwa misele yote hii, ukiipeleka Dar inaisha kwenye nauli na wikiendi moja ya kujikaza mbele ya watu usiowajua. Huku ilitulisha, ikatulaza, ikabaki ya chungu na ya ndizi za kurudi nazo. Na kila tulipolipa, tulimlipa kijana wa ukanda huu: bodaboda, mwongozaji, mama ntilie, mvuvi. Kama sisi wenyewe hatushuki Ndolezi, hatushuki Isongole, hatushuki Lyulilo, basi tusilalamike kwamba kwetu hakuna utalii.

Dar haihami, mtaikuta. Likizo ijayo changeni, hela apewe sista, na mkifika kwenye kibao cha Kimondo mwambieni dereva asimamishe.